Singe ya Baba Yake Bibi Skola

Enzi zetu, sisi watoto wa Kitanzania tuliokulia Columbia Heights, huku Marekani, theluji ilikuwa theluji kweli, si huu unga wa siku hizi unaomwagika Jumatatu na kuyeyuka Jumatano. Ilianguka mpaka magari yakawa vichuguu. Mama alitufunga mifuko ya mkate juu ya soksi kabla ya kutuvalisha mabuti, maana mabuti yenyewe tulipewa kanisani yakiwa yameshavaliwa na watoto wa watu wanne. Tulicheza rede kwenye korido ya ghorofa ya pili, mpira ukiwa soksi iliyoshindiliwa soksi nyingine, hadi jirani wa chini agonge dari kwa mpini wa ufagio. Wenzangu mliokuwepo mnakumbuka. Ugali ulikuwa wa ule unga wa njano wa kuokea mikate, na mtoto akikunja pua Baba alikuwa na jibu lake: "Kuna watu Songea wangekula huo na sufuria lake."

Leo wanangu hapa Apple Valley kila mmoja ana chumba chake na mlango wa kujifungia, na bado wanalalamika kwamba nyumba ni ndogo. Ndogo! Sisi tulikuwa watano kwenye vyumba viwili, na Bibi alipokuja tukawa sita, mimi nikalala naye kitanda kimoja miezi minane. Ananuka mafuta ya nazi na karafuu, anakoroma, na kabla ya kukoroma anasali rozari nzima na kunitaka niitikie. Nikiitikia kwa Kiingereza ananifinya. "Mimi sikupanda ndege kuja kusali na redio," anasema.

Huyu Bibi Skola ndiye mama yake Baba. Alikuja mwaka niliotimiza miaka kumi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati ule viwanja vya ndege vilikuwa vimeanza kumpekua mtu mpaka kwenye soli za viatu. Basi maofisa wakafungua sanduku lake, wakatoa maembe manne na mbegu za maboga, wakavitupa kwenye pipa mbele ya macho yake. Halafu wakakunjua kanga, wakaona singe ya Mjerumani, lile jisu la kuchomeka mbele ya bunduki, refu kuanzia kiwiko changu hadi ncha za vidole. Wakaitazama, wakaikunja tena kwenye kanga yake, wakafunga sanduku. Bibi alikwenda kaburini hajaelewa. "Nchi gani hii," alikuwa akiuliza kila mgeni, "inayoogopa embe?"

Ni Baba aliyemwomba aje nayo. Hiyo singe ndiyo ilikuwa fahari ya Baba, hata kabla haijafika. Kila Watanzania walipokutana, iwe ubatizo New Hope au harusi kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, Baba alikuwa akisubiri watu washibe, kisha anaanza: babu yake, yaani baba mzazi wa Bibi Skola, alimnyang'anya ofisa wa Kijerumani singe hii kwa mikono mitupu, wakati wa Maji Maji. Mara ya kwanza niliyoisikia, Mjerumani alikuwa mtu wa kawaida tu. Kufikia Pasaka alikuwa na farasi. Kufikia Krismasi farasi alikuwa mweupe na walikuwa Wajerumani watatu. Watu walipiga makofi, nami nilijisikia mrefu. Ila niliona jambo moja. Baba akianza tu hadithi hiyo, Bibi anainuka kwenda jikoni kutazama maharage, hata kama siku hiyo hatukupika maharage.

Aliniambia sababu Jumapili moja akinisuka. Mnajua kusukwa na bibi: umekaa chini kati ya magoti yake, kichwa kimebanwa, huna pa kukimbilia, utasikia yote. Alisema alipokuwa msichana mdogo kule Ungoni, wenzake walimwimbia kisimani: binti wa askari wa Mdachi, binti wa askari wa Mdachi. Mdachi ndiye Mjerumani. Mnaelewa uzito wake, au niwakumbushe? Katika vita ile, walioichoma Ungoni hawakuwa Wajerumani peke yao. Wajerumani walikuwa wachache. Waliopita kijiji kwa kijiji na viberiti ni askari weusi waliowatumikia, wakachoma maghala ya nafaka, na njaa iliyofuata ikaua watu kuliko risasi. Baba yake Bibi alirudi nyumbani baadaye na ile singe kiunoni, akaichomeka kwenye paa la nyasi, na hakusema neno juu yake mpaka anakufa. Mama yake alishikilia kwamba aliipora. Wa kisimani walishikilia lao.

"Nina miaka sabini na kitu, mke mwenzangu," akaniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. "Nimezaa, nimezika, nimepanda ndege. Sijui baba yangu alikuwa upande gani. Nikikutana naye huko, nitamwitaje?"

Nilikuwa namjua mtu mwenye jibu.

Kwenye nyumba ya pembeni, mtaa wa pili kutoka kwetu, alikaa Mzungu mmoja, Mzee Arvid. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ndiye aliyemwogesha na kumlisha mke wa Mzee Arvid hadi siku ya mwisho. Baada ya msiba mzee akawa kama mtu wetu. Tukimwondolea theluji mlangoni, anatupa biskuti ngumu za tangawizi, kisha anatushusha kwenye chumba cha chini ya nyumba yake kutuonyesha visu.

Jamani, visu! Alikuwa fundi mitambo aliyestaafu, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akikusanya silaha za mkononi za jeshi la Ujerumani: majambia ya wanamaji yenye mipini ya pembe, singe za enzi za mfalme wao, visu vya wapiganaji wa mahandaki. Vya vita ya pili ya dunia alikuwa navyo pia, ila hakuvitundika ukutani kamwe. Vilikaa droo ya chini, akasema hivyo ni ushahidi, si pambo. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na ngozi ya zamani. Alikuwa akivaa glavu nyeupe za pamba, na ole wako uguse chuma kwa kidole kitupu. "Jasho lako lina chumvi," alikuwa akisema, "na chumvi haina haraka."

Watu walitoka mbali kumletea vitu awapimie. Mjane anakuja na jambia aliloliacha mumewe, anataka kujua kama ni la kweli. Mzee Arvid halitazami kwanza. Analinusa. Kisha analilaza kwenye kidole kimoja aone uzito unaangukia wapi. Kisha anazima taa na kulisogeza dirishani, mwanga uje kwa ubavu, na hapo chuma kilichoonekana kitupu kinaota maandishi: taji, herufi, tarakimu mbili za mwaka, jina la mji wa wahunzi. Alitufundisha kwamba muhuri uliogongwa kwa nyundo husukuma chuma kikainuka pembeni kidogo, kama udongo unavyoinuka ukikanyaga tope, na muhuri wa uongo hauna ukingo huo. Alitufundisha kwamba kutu ya kweli ni nyeusi na ngumu, na kutu ya kutengenezwa kwa tindikali ina rangi ya chungwa na hutoka ukiipangusa. Nilimwona akimwambia mtu mzima, kwa upole kabisa, kwamba jambia la baba yake lilitengenezwa mwaka juzi. Mimi nilikuwa nikisimama pale mdomo wazi. Padre hakuwahi kunishangaza hivyo, Mungu anisamehe. Nilidhani hakuna kitu duniani ambacho mzee huyu akikitazama hakitasema.

Nikamwambia Bibi. Akaacha kusuka, nywele zangu nusu zimesukwa nusu zimesimama. "Anaweza kujua chuma kilikuwa cha nani?" Nikasema anaweza. "Twende Jumamosi," akasema. "Na baba yako asijue kwanza."

Sasa ngoja niungame.

Ijumaa Bibi akaitoa singe kwenye kanga. Ilikuwa nyeusi, ina magamba ya kutu, na pale mpini unapokutana na chuma pameganda uchafu wa miaka yote ya moshi wa jikoni. Bibi akaguna. "Kitu cha kupeleka kwa watu hakipelekwi hivi. Huyo mzee atadhani kwetu hakuna maji." Mnatujua. Mgeni akija tunaosha hata vikombe visivyotumika, na ukirudisha bakuli la jirani unalirudisha likiwa safi kuliko lilivyokuja. Nami nilikuwa na hoja yangu juu ya hiyo: mzee ambaye hataki hata kidole kiguse visu vyake, si ina maana anapenda usafi kupita kiasi? Hakuwahi kutuambia tusioshe. Nadhani katika ulimwengu wake hakuna mtu ambaye ingemjia akilini.

Nikachukua stilwaya ya kusugulia masufuria, malimau mawili, na majivu niliyoomba kwa jirani wa chini aliyekuwa akichoma nyama kibarazani kwake. Nikasugua. Weee, nilisugua! Tangu natoka shule hadi Mama anaita chakula. Pale palipoganda nilipachokonoa kwa sindano na mswaki wa kaka yangu, naye hajui mpaka leo. Bibi akamalizia kwa mafuta ya mgando. Ilimeta mpaka nikaona meno yangu humo. Bibi akanibusu utosini, akasema nimezaliwa na mikono ya kazi.

Jumamosi asubuhi tukatoka, Bibi amevaa kitenge chake cha kanisani na juu yake koti la Baba linalomfika vifundoni, mkononi sahani ya maandazi, kwa sababu haendi kwa mtu mikono mitupu. Mzee Arvid akatukaribisha, akatushusha chini, akavaa glavu. Bibi akaketi wima kama yuko mahakamani. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri, na kwa kweli Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuchechemea, lakini siku ile nilikipiga mbio.

Mzee akakunjua kanga. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani ameiosha?" akauliza.

Nikamtafsiria Bibi. Bibi akafurahi, akanisukuma begani. "Mwambie ni wewe! Usione haya, jisifu."

Nikamwambia ni mimi. Mzee Arvid akavuta kiti, akakaa. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema taratibu kwamba kutu ya zamani ndiyo maandishi yenyewe, na kwamba mtu akiiondoa ni kama amechukua barua na kuifua. Bibi akauliza anasemaje. Nikasema anasema imetakata sana.

Akaanza kazi hata hivyo. Akaisogeza dirishani. Juu ya mgongo wa chuma akaonyesha taji na herufi na mwaka, na mwaka huo ulikuwa kabla Bibi hajazaliwa, kabla hata mama yake Bibi hajavunja ungo. Ni ya kweli, akasema, haina shaka. Kisha akasema si ya ofisa. Maofisa walibeba panga. Hii ilitolewa kwa askari wa miguu. Nikawaona farasi weupe wa Baba wanatoweka mmoja mmoja.

Halafu akafika pale nilipochokonoa kwa sindano, kwenye kipande cha chuma kinachokinga mkono. Akainama. Akachukua karatasi nyembamba, akaifunika pale, akaipitishia penseli kwa ubavu, polepole. Na kwenye karatasi, Mungu wangu, zikaanza kutoka mistari, mistari mingi iliyokatana, na chini ya mistari vipande vya herufi, na nusu ya namba. Bibi akajivuta mbele na kiti chake. Mzee akafungua kitabu kikubwa cha alama, akafunua kurasa kwa muda ambao mimi niliona kama misa nzima, akaweka karatasi yetu kando ya mstari mmoja kitabuni. Zilifanana. Ilikuwa alama ya jeshi la Mjerumani la Afrika ya Mashariki, na ile namba ilikuwa ya silaha aliyokabidhiwa askari mmoja. Na mtu fulani alikuwa ameipitishia tupa ya kukwaruzia chuma ili ifutike.

Hapo mzee alizungumza kirefu, akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa Bibi. Alisema ameona mamia ya silaha zilizotekwa vitani. Aliyemnyang'anya adui haifuti alama ya adui, kwa sababu alama hiyo ndiyo ushahidi wa ushujaa wake. Huiacha, wengine hata huongeza jina lao kando yake. Anayehangaika kufuta namba ni yule ambaye namba ni yake. Ila, akasema, kuna jambo moja. Hajui ilifutwa lini. Kama ilifutwa zamani, aliyeifuta ni mwenyewe. Kama ilifutwa miaka ya karibuni na mfanyabiashara au mtoto anayecheza, basi mistari hii haina maana yoyote. Kutu iliyokuwa ndani ya mistari ndiyo ingemwambia.

Hakumaliza. Hakuhitaji kumaliza. Kutu hiyo nilikuwa nimeimwaga kwenye sinki la jikoni kwetu jana yake saa kumi na moja jioni, nikiimba.

Nililia pale pale, kimya, machozi yanadondoka kwenye sweta. Nilikuwa nimeosha jibu la Bibi. Alikuwa amelisubiri maisha yake yote, likavuka bahari kwenye kanga, likanusurika pipa la uwanja wa ndege, nami nikalimaliza kwa malimau mawili. Bibi akauliza nini, nani kakufanya nini, akawa amenuna anamtazama mzee kana kwamba kanipiga kofi.

Mzee Arvid akachukua lenzi yake ndogo, ile ya kubana kwenye jicho. Akaigeuza singe chini juu. Akaanza kupita mstari mmoja mmoja, mwanga unaingia kwa ubavu, pumzi yake inasikika. Sijawahi kuona mtu akitazama kitu kwa uvumilivu ule, wala sijaona tena. Mwisho akaganda. Akaniita, akaniwekea lenzi jichoni. Kwenye kona ya ndani kabisa, chuma kinapoingia kwenye mpini, ambako wala stilwaya wala sindano haikufika, mikwaruzo miwili ya tupa ilikuwa imeendelea. Na ndani yake mlikuwa na kitu cheusi, kigumu, kinachong'aa kidogo kama mbegu ya papai. Kutu ya kweli. Mzee akaigusa kwa ncha ya kijiti, haikutoka.

"Ya zamani," akasema. "Ya zamani karibu kama singe yenyewe. Siwezi kuapa, lakini mwambie bibi yako ndivyo ninavyoamini."

Nikageuka. Bibi alikuwa amenikazia macho, mikono imefumbatana juu ya mapaja. Nikafikiria kisima. Nikafikiria Baba na makofi ya watu. Nikasema, "Bibi, anasema baba yako aliipora. Alikuwa shujaa."

Bibi akamtazama Mzee Arvid, kisha akanitazama mimi.

"Mke mwenzangu," akasema, "yeye amesema maneno gunia zima, wewe umeniletea kibaba. Na uso wake si uso wa mtu anayempa mwenzake habari njema. Sema alivyosema. Usinibembeleze, mimi si mtoto."

Nikasema. Nilisema yote, kwa Kiswahili changu kibovu, nikikosa neno naonyesha kwa kidole: namba, tupa, kutu ya pembeni, na kwamba anayefuta ni mwenyewe. Nilipofika mwisho sikuweza kumtazama.

Bibi hakulia. Akasema, "Muulize. Hiyo tupa ilipita mara ngapi?"

Nikamuuliza. Mzee alishangaa, lakini akarudi kwenye lenzi. Akasema hawezi kuhesabu. Ni mara nyingi mno, kutoka pande mbili, tupa mbovu, na singe haikubanwa mahali, ilishikwa kwa mkono. Mtu alianza, akachoka, akarudia. Si kazi ya dakika. Huenda ni kazi ya siku kadhaa.

Nilipomtafsiria, Bibi aliweka kiganja chake juu ya singe, kiganja kitupu chenye jasho na chumvi zote, na Mzee Arvid hakusema kitu.

"Basi aliona haya," Bibi akasema. "Kwamba alikuwa askari wao, moyoni nilijua, hata nilipokuambia sijui. Watoto kisimani hawatungi uongo wao wenyewe, wanausikia kwa wakubwa. Lililoninyima usingizi ni kama aliona haya." Hapo ndipo machozi yakamtoka, na akacheka humo humo ndani ya machozi, akampa Mzee Arvid sahani ya maandazi kwa mikono miwili.

Jioni ile Baba aliporudi kutoka shifti ya pili, Bibi alimketisha, akamwambia. Baba akawaka. "Mzungu mmoja na lenzi yake ndiye atuambie sisi ni nani?"

"Si mzungu aliyesema," Bibi akamjibu. "Ni baba yangu mwenyewe, kwa tupa."

Baba akasonya, akaenda kusimama kibarazani kwenye baridi bila koti. Alirudi macho mekundu, akala ugali wake. Ubatizo uliofuata watu walishiba, wakamtazama, wakangoja farasi. Baba akaomba chumvi.

Bibi aliporudi Songea alituachia singe. Alisema alichokifuata amekipata, chuma tubaki nacho. Sasa kiko kwangu, Apple Valley, na mwezi uliopita binti yangu alikiona kabatini. Watoto wa siku hizi hawaulizi mtu. Alikipiga picha kwa simu, na kabla sijavua viatu simu ilikuwa imeshamjibu: singe ya Kijerumani, ya zaidi ya karne moja iliyopita, alama zimeharibiwa, thamani ndogo. Sekunde tatu. Hakunusa, hakuzima taa, hakusogea dirishani. "Mom, it's damaged," akaniambia kwa huruma, akarudi zake chumbani akafunga mlango. Sikumlaumu. Simu yake inajua mambo ambayo Mzee Arvid, Mungu amrehemu, hakuyajua. Lakini nilitamani angekaa nami pale chini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, asikie mpaka mwisho. Enzi zetu mwisho tuliusikia hata tukiwa hatutaki. Basi nikagonga mlango wake, nikaingia bila kungoja, nikaketi kitandani nikamsimulia habari ambayo Shangazi, dada yake Baba kule Songea, alitupigia simu kutueleza, miezi miwili baada ya Bibi kufika nyumbani.

Shangazi alisema Bibi alichinja mbuzi. Akapika wali, akaalika zile familia za kisimani, wajukuu na vitukuu wa wale waliokufa njaa. Watu walifika wakidhani ni sherehe ya kurudi kwake kutoka ughaibuni. Kabla ya chakula akasimama, akasema, "Baba yangu alikuwa askari wa Mdachi. Alichoma maghala yenu. Baadaye aliona haya, akafuta namba yake, lakini hakujua jinsi ya kuja kwenu kuwaambia. Nimekuja mimi."

Kisha bikizee mmoja, wa rika la Bibi, mmoja wa wale waliomwimbia utotoni, akajikongoja kwa fimbo yake hadi mbele.

"Sisi tulijua siku zote, Skola," akasema. "Tulikuwa tunangoja mmoja wenu aseme."

Akanawa mikono, akaketi mkekani kando ya Bibi, wakala sahani moja.